Ugomvi usio na mwongo

Tukiletewa ugomvi, wengi wetu huanza kumtafuta anayesema uongo. Nakuomba uliweke kando swali hilo kwanza. Mimi ni mjumbe wa kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji, katika kijiji kimoja karibu na Bombo, wilayani Luweero, Uganda, na ugomvi wa mwizi na aliyeibiwa hautuchoshi sana. Unaotuchosha ni ule ambao wote wawili wanasema kweli, kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja anamwona mwenzake mnyang'anyi.

Ardhi ndiyo inayoongoza. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na watawala wa Buganda uliwagawia ardhi, inayoitwa mailo, Kabaka (mfalme), jamaa zake na machifu, na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakajikuta kwenye ardhi ya watu. Sheria ya 1928 iliwalinda kwa kuweka kikomo cha busulu, kodi ambayo mkulima humlipa mwenye ardhi. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ikatangaza ardhi yote kuwa mali ya umma, busulu ikafutwa. Katiba ya 1995 ikamrudishia mwenye mailo milki yake, kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamlinda mwenye kibanja, yaani mkulima mwenye makazi na shamba kwenye ardhi hiyo, kwa busulu ya mwaka ambayo mwanzoni haikutakiwa kuzidi shilingi 1,000.

Sasa mfikirie mtu aliyezaliwa kibanjani mwaka 1976. Amekulia hapo, ameolea hapo, amewazika wazazi wake hapo, na utoto wake wote hakumwona baba yake akimlipa mtu busulu. Siku moja anatokea kijana kutoka Kampala na hati yenye jina la babu yake. Mmoja anaona tapeli, mwingine anaona mvamizi, na sheria inawatambua wote wawili.

Tuliletewa kesi ya namna hiyo. Mwenye kibanja alikuwa akitetemeka kwa hasira. Tukamuuliza, "Mzee, hasa kinachokuuma ni nini?" Nilitegemea ataje ekari. Akasema, "Amepita uani kwangu na mpima ardhi, hata hodi hakupiga. Wamekanyaga makaburi ya wazazi wangu." Kijana naye, tulipomsikiliza peke yake, alisema tangu afike hakuna aliyejibu salamu yake, na watoto wanamkimbia kwa kuwa wameambiwa amekuja kubomoa nyumba. Kumbe alitaka kuijua mipaka tu kabla ndugu zake hawajagawana mirathi.

Ndiyo maana nasisitiza: wasikilize mmoja mmoja kwanza. Mbele ya mwenzake mtu huongea kama yuko mahakamani. Akiwa peke yake hutaja kilichomuumiza. Baada ya hapo tulikwenda na wote wawili shambani pamoja na wazee, tukaufuata mpaka kwa mimea ya omulamula iliyopandwa zamani. Mzee ndiye aliyekuwa akituonyesha. Suala la busulu halikuisha siku ile, lakini walianza kuongea.

Swali jingine linalonisaidia sana ni hili: hawa waliacha kusalimiana lini? Mwaka 2018, uchaguzi wa LC1 ulipofanyika kwa mara ya kwanza tangu 2001, tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Kila mtu alimwona jirani yake amesimama wapi. Muda mrefu baadaye tukaletewa majirani wawili kwa sababu ya mbuzi aliyekula mahindi. Tungeweza kukadiria hasara ya mahindi na kufunga kesi, lakini mbuzi yule alikuwa akiingia shamba lile miaka yote na kurudishwa kwa kicheko. Salamu zilikatika wiki ya uchaguzi. Tusingeligusa hilo, wangerudi na kesi ya kuku.

Deni kati ya ndugu sitalisemea sana: andikeni, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja.

Ila chunguza sana nani hakuitwa. Mume anauza kipande cha ardhi, wanaume wanapeana mikono, fedha zinahesabiwa, na mke anapata habari kwa mnunuzi anayekuja kufyeka migomba. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ya familia, na inafaa watu waijue. Lakini hata pasipo sheria, mtu aliyefichwa jambo linalohusu chakula chake hatalikubali hata likiwa na faida. Kwetu kikao cha mauzo hakianzi kama mke hayupo, na mume akikasirika basi akasirike.

Kama uko kwenye ugomvi wa kibanja sasa hivi, tangu marekebisho ya 2010 mwenye kibanja anayetambuliwa na sheria haondolewi bila amri ya mahakama, na sababu inayokubalika ni kutolipa busulu. Kwa hiyo lipa, tunza risiti, na mtu akija na trekta mwombe amri hiyo mbele ya mwenyekiti wa LC. Na wewe mwenye hati, kabla ya kumleta mpima ardhi nenda peke yako, piga hodi, kaa ulipokaribishwa, na uulize wamezikwa nani pale.