Kabla hujanunua spika mpya za gari

Kama umezoea kusikiliza muziki sebuleni, umekaa sawasawa katikati ya spika mbili, siku utakayosikiliza kwa makini ndani ya gari utavunjika moyo. Mimi yalinikuta. Mwimbaji ambaye nyumbani husimama mbele yangu, kwenye gari nilimsikia yuko chini mlangoni, karibu na goti. Nikakimbilia kununua spika za bei kubwa, nikazifunga palepale zilipokuwa za zamani. Sauti ikawa safi zaidi, lakini mwimbaji hakuondoka mlangoni.

Tatizo lilikuwa kiti, si spika. Garini hukai katikati: spika ya upande wako iko karibu, ya upande wa abiria iko mbali. Chukua futi kamba, kaa kama unavyokaa ukiendesha, umwombe mtu akupimie kutoka kila spika hadi kichwani kwako. Kwangu zilipatikana sentimita 95 upande mmoja na 145 upande wa pili. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo spika ya karibu ilikuwa inamtangulia mwenzake kwa karibu milisekunde moja na nusu. Usiidharau namba hiyo. Sikio hutambua tofauti ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana, na sauti iliyotangulia ndiyo inayoliambia mwimbaji yuko wapi.

Dawa yake ni kuichelewesha spika ya karibu. Redio nyingi za kisasa zina sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio yake. Isiyo nayo huongezewa prosesa ya sauti. Egesha gari, zima injini, weka rekodi ya mtu mmoja anayeimba bila vyombo vingi. Anza na ile hesabu ya futi kamba, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo, macho umeyafumba. Utamsikia akinyanyuka kutoka mlangoni, akipita juu ya usukani, hadi anatulia katikati ya dashibodi. Mimi alipofika pale niliacha kugusa chochote, nikasikiliza wimbo mzima hadi mwisho. Kupunguza tu sauti ya upande wa karibu hakukufikishi hapo, kwa sababu itakuwa ndogo lakini bado itawahi kufika.

Abiria ndiye anayeumia, maana kwake mambo yanazidi kupinda. Ndiyo maana nimehifadhi mipangilio miwili, mmoja wangu peke yangu, mwingine usio na ucheleweshaji wowote kwa siku tukiwa wengi.

Baada ya kiti, geukia mlango. Spika ya nyumbani imejengewa sanduku lake. Ya garini sanduku lake ni mlango wenyewe: bati jembamba lenye matundu, na ndani yake nyaya, kufuli na kioo kinachopanda na kushuka. Sauti inayotoka mgongoni mwa spika hupenya kwenye matundu hayo, ikakutana na ya mbele, zikafutana, na kinachopotea zaidi ni besi. Nilipoziba matundu makubwa na kubandika mikeka ya butili (mpira mzito unaonata, wa kuzuia mtetemo) kwenye bati, spika zilezile zilitoa besi ambayo sikujua kuwa zinayo. Kazi hiyo ingetangulia, huenda nisingenunua spika kabisa. Ila matundu madogo ya chini kabisa ya mlango usiyaguse. Ndiyo njia ya kutokea maji ya mvua, na yakikwama humo bati linaoza.

Kisha tafuta kinacholia. Cheza toni inayopanda polepole kutoka Hezi 20 hadi 200 (Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), huku ukikandamiza kwa kiganja kila plastiki iliyo karibu nawe. Mimi nilihangaika na mlango mmoja saa nzima, kumbe kilichokuwa kikitetemeka ni kibao cha namba nyuma ya gari. Vipande viwili vya sponji vikakinyamazisha.

Kwenye sabwufa, yaani spika ya besi ya chini, nunua ndogo kuliko unavyofikiria. Wimbi la Hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na ndani ya gari hakuna nafasi hiyo. Badala ya kusafiri, hewa yote ya ndani hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, na hilo hukuongezea besi ya chini bure. Sebule haikupi zawadi hiyo. Gari likishika kasi, mngurumo wa barabara nao hukaa kwenye besi hiyohiyo na kuifunika, hivyo kuipandisha kidogo ukiwa safarini ni haki yako kabisa. Nyumbani sigusi ikwalaiza, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine. Garini naigusa bila kusita.

Umeme nitaugusia tu. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 hiyo ni kilele. Uwezo wake wa kudumu huwa kama wati 15 hadi 20 kwa spika. Ukiongeza amplifaya, fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, na arthi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ukisikia mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, anza kukagua hiyo arthi.

Sauti kubwa haiufukuzi mngurumo wa barabara. Kwenye desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio huhesabiwa kuwa na saa 8 kwa siku kabla ya kuwa hatarini, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Tena king'ora cha gari la wagonjwa lazima ukisikie. Kwa hiyo barabarani napiga muziki ambao sauti yake haipandi na kushuka sana. Rekodi za okestra, zile zinazoanza kwa fidla moja inayonong'ona, nasubiri hadi nimeegesha.