Barua kwa mwanangu: ile pembe ya baruti

Mwanangu,

Salamu zimefika, na picha nimezitazama mara nyingi kuliko macho yangu yanavyoruhusu. Umeniuliza kama dola 800 ni bei ya haki kwa pembe ya baruti, ile pembe ya ng'ombe ya kubebea baruti ya bunduki, iliyochongwa jina la mtu, ramani ya mto na mwaka 1757, mali ya mzee wa hapo Worcester, Massachusetts, aliyekuwa fundi wa mashine na mkusanyaji wa silaha za kale, ambaye sasa amefariki na mwanawe anauza. Bei nitaifikia. Kwanza niambie mzee huyo aliipata kwa nani.

Unanijua, nimelisema hili tangu ukiwa mdogo: kitu cha kale ni nusu tu, nusu ya pili ni habari zake.

Pembe ya babu yako wewe umeisikia tu. Ilitoka kwa yule fahali wetu wa kijivu. Babu aliichemsha mpaka ikalainika, akatoa kiini, akaipara kwa kipande cha chupa hadi ukiinua juani unaona kivuli cha baruti ndani. Ncha akaitoboa, upande mpana akaupachika kibao cha mninga. Wawindaji wa gobore wa kwetu na askari wa Marekani wa miaka ile walifikia kitu kimoja kwa sababu zilezile: pembe ni nyepesi, haipitishi maji wala haitoi cheche. Kisha, mimi nikiwa nimekaa miguuni pake, akachora kwa ncha ya kisu mto Ugalla na vijito vyake, na nyati kila mahali alipomwangusha mmoja. Akasugua masizi na mafuta, michoro ikatokeza yote kwa mara moja. Furaha niliyoiona siku ile sijui niiandikeje.

Mjomba wako aliiuza 1974, tulipohamishiwa kijijini, kwa mgeni aliyekuwa akipita kununua vitu vya kale. Simlaumu mjomba, watoto walikuwa na njaa. Lakini mimi nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika jina kamili la baba yangu, kijiji na maana ya wale nyati, nikamkimbilia mgeni kwenye gari lake. Aliusoma, akatabasamu, akanirudishia. Akasema hauhitaji. Nimezeeka, mwanangu, na bado nikilala nauona mkono ule ukinirudishia karatasi. Mahali fulani kuna kabati lenye mto Ugalla, na anayeutazama hajui kuwa ni mto.

Sasa najibishana mwenyewe. Huenda mgeni yule aliiokoa. Mkanda wa pembe ulikuwa umekwisha liwa na panya, na nyumba ya zamani ilibomoka masika yaliyofuata. Bila wakusanyaji, hizo za huko nazo zingebaki ngapi? Kweli. Lakini imeokoka kwa ajili ya nani, ikiwa jina limeachwa barabarani?

Tangu uniandikie nimesoma kila nilichopata. Kulikuwa na mwalimu wa kuchora, Rufus Grider, wa Canajoharie katika jimbo la New York, miaka ya mwisho ya karne ya 19. Alizitafuta pembe zilipokuwa na kuzichora kwa rangi za maji, mamia yake, mchoro unaozunguka pembe akautandaza kwenye karatasi ili usomeke wote, akiandika pia habari za wenye nazo. Huyo ni mkusanyaji wa moyo wangu! Mwingine ni William Guthman, mnunuzi na muuzaji wa vitu vya kale aliyejifunza kutambua mikono ya wachongaji. Pembe 75 alizokusanya zipo kwenye makumbusho ya Deerfield, hukohuko Massachusetts. Nenda ukazione kabla hujatoa hata senti.

Ukifika, uliza habari za John Bush. Alikuwa mtu mweusi huru kutoka Shrewsbury, jirani zako kabisa, askari wa jimbo katika ile vita ya Waingereza na Wafaransa iliyoanza 1754. Kambini penye ziwa la Lake George, katika New York, alichongea wenzake pembe kwa herufi nzuri mno, wachongaji wengine wakafuata mtindo wake. Agosti 1757 ngome ya William Henry, palepale ziwani, ilipoanguka kwa Wafaransa, alitekwa, na nyumbani hakurudi tena. Tunamjua leo kwa sababu kuna waliojali kuuliza mkono huu ni wa nani. Mwaka 1757, mwanangu, ndio uliochongwa kwenye hiyo unayoitaka! Sisemi ni ya Bush. Nasema usiinunue kama pambo la ukutani.

Haya, bei. Pembe halisi ya vita ile, yenye ramani, huuzwa maelfu ya dola, kwa hiyo hiyo 800 inanitia shaka. Wapo wanaochukua pembe kongwe isiyo na kitu na kuchonga maneno juu yake juzi tu. Tazama matundu ya wadudu na nyufa. Mchoro wa zamani hukatwa na tundu, maana mdudu alikuja baadaye. Mchoro mpya huyumba au humeguka unapofika ukingoni mwa tundu. Kwenye picha yako ya tatu, karibu na herufi ya mwisho, naona kitu, lakini sitasema. Ulimi unaniwasha, ila pesa ni zako na macho yako yapo karibu kuliko yangu.

Ninachokuomba ni hiki: mwulize huyo mtoto wa marehemu kama baba yake aliacha daftari, risiti, hata barua moja inayotaja ilikotoka. Akisema yalitupwa, mpe pole na urudi nyumbani ufikiri. Likiwapo daftari, lichukue pamoja na pembe, usikubali vitenganishwe, na ukipungukiwa niambie. Zile fedha ulizonitumia za bati za jikoni sijazigusa, na mvua bado ziko mbali.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako,
Tabora