Bunduki ya babu iliyokutwa darini Nyangao

Ndugu yangu, umesema mmekuta bunduki ya kijeshi darini kwa marehemu babu, Nyangao mkoani Lindi, na unataka kujua ilipita mikononi mwa nani. Kwanza usiibebe kwenda popote. Mwambie mtendaji wa kijiji, polisi waje wahakikishe haina risasi. Kuna sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, msijiaminishe kwa sababu ni kuukuu.

Tafadhali, msiipige msasa! Kutu inafutika, lakini alama zinaondoka nayo, na historia yenyewe iko kwenye alama. Polisi wakikubali, ipigeni picha kwenye mwanga wa pembeni. Ubavuni kushoto ikisomeka "I.G.Mod.71", ni Mauser, bunduki ya Mjerumani, ile ya baruti yenye moshi mwingi. Ukiona taji na herufi GR (za Mfalme George) kwenye chuma kinachoshika kitako, ni ya Mwingereza. Tazama pia bamba la chuma la kitako: mara nyingi alama ya kikosi iligongwa hapo. Jina la askari ni nadra.

Ila kiwanda si mwenye mali. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipigana Mahiwa, hapo jirani yenu. Mwezi uliofuata askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walivuka Ruvuma, wakateka bunduki za Wareno huko Ngomano, Msumbiji, wakazitumia wao.

Kwa hiyo waulizeni wazee wa ukoo mapema: babu aliipata kwa nani, au aliiokota shamba lipi? Mrekodini bibi kwenye simu leo hii. Halafu peleka picha Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.