Jibu: Kutoka diski za terabaiti 2 hadi 8 kwenye NAS

Yaya, umeuliza kama unaweza kutoa diski zote nne za terabaiti 2 za NAS yako (kisanduku cha diski kinachohifadhi mafaili kupitia mtandao) kwa mara moja na kuweka za terabaiti 8, bila kupoteza picha za harusi unazopiga pale Kadutu. Tafadhali usifanye hivyo! Picha ziko kwenye hizo za zamani, mpya ni tupu.

Kwa kuwa unatumia RAID 5, yaani mpangilio wa diski kadhaa pamoja ambapo moja ikifa data haipotei, toa moja tu, weka mpya, uache mashine iijenge upya (iijaze data kutoka kwa zile nyingine) hadi iseme iko sawa. Ndipo uguse ya pili. Kila diski inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na muda wote huo huna kinga: nyingine ikifa, vyote vimekwenda. Kwa hiyo anza na nakala kwenye diski ya nje, kisha fungua picha kadhaa uone kama zinafunguka kweli. RAID peke yake si nakala.

Kinachonitia hofu zaidi hapa Bukavu ni umeme. Bila UPS (betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika) usianze kabisa, na kama una jenereta, mafuta yawepo.

Dukani ulizia diski za CMR, zinazoandika data kwenye mistari isiyopandana. Za SMR, ambazo mistari yake hupandana, huwa na bei nafuu, lakini kujenga upya kunaweza kuwa kwa polepole mno. Tazama pia kama NAS yako inakubali diski za ukubwa huo.

Nafasi isipoongezeka mapema usishtuke, RAID 5 hufuata diski iliyo ndogo kuliko zote. Ya nne ikimaliza, panua voliyumu (eneo la kuhifadhia mafaili) kwenye mipangilio ya NAS: utapata karibu terabaiti 24 badala ya 6.