Nilikanyaga mafuta na breki kwa pamoja

SWALI: Shikamoo fundi. Juzi kwenye foleni ya Mwenge, kiatu changu kipana kilikanyaga breki na mafuta pamoja. Gari langu la otomatiki lilinguruma, likatetemeka, ndipo likasimama. Nimeliharibu?
Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mshtuko. Mara moja tu haiharibu kitu. Breki nzima huishinda injini. Ikitokea tena, ondoa mguu kwenye mafuta, kandamiza breki moja kwa moja. Usipampu! Injini ya petroli ikinguruma hivyo, kila ukiachia pedeli ya breki na kuikanyaga tena, inazidi kuwa ngumu. Ikigoma kutulia, tia gia N (huru), iache injini ipige kelele. Wanafunzi wangu nawavalisha raba nyembamba, kisigino sakafuni usawa wa breki. Kagua na zulia la miguuni: likisogea hunasa pedeli ya mafuta.