Semina siyo inayomleta mkulima kikundini

Jamani hili jambo linaniuma ngoja niliseme. Nimehamasisha wakulima wahifadhi udongo misimu mingi, na mwanzoni nilikuwa naenda na mabango yangu naeleza mmomonyoko wa udongo weee, watu wanaitikia vizuri kabisa, nikirudi baada ya mwezi hakuna hata tuta moja la kuzuia maji. Nikadhani hawaelewi. Kumbe wanaelewa kuliko mimi, wao ndo wanaoona mvua ikipiga maji yanashuka mekundu na rutuba yao yote.

Siku moja nikaacha kuhutubia nikamuuliza mama mmoja, mama shida hasa ni nini? Akanijibu, mwanangu hili shamba nimekodi msimu mmoja, sasa matuta nimchimbie nani?

Hapo ndo penyewe. Matuta na miti vinalipa baada ya miaka, mtu asiye na uhakika na ardhi humwambii kitu. Kwa huyo anza na vinavyolipa mapema, matandazo (majani makavu ya kufunika udongo), kulima kwa kukata mteremko, majani ya mifugo kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko, halafu kaeni na mwenye shamba muongee mkataba mrefu. Na msimfiche mtu, matuta yanakula nafasi na nguvu, na ukipunguza kutifua udongo ili usichukuliwe na maji, magugu yanasumbua sana misimu ya kwanza, akija kugundua mwenyewe umempoteza yeye na majirani zake.

Shamba la mfano msiweke kwa tajiri wa kijiji, watu wanasema huyo ana hela. Weka kwa mtu wa kawaida, jirani apite kila siku aone udongo ulivyobaki na unyevu wakati wake umeshapasuka, hiyo inashinda semina kumi.

Kikundi cha bonde, yaani wakulima wa mteremko mmoja kuanzia juu mpaka chini, sasa ndo kigumu zaidi, maana wa juu anachimba jasho linamtoka halafu anayepata maji masafi ni wa chini. Lazima wa chini apande juu na jembe lake, au achangie miche, vinginevyo wa juu wanajitoa mmoja mmoja. Posho ya kuwalipa watu waje mimi siipendi, ikikata na watu wanakata. Daftari la pesa lisomwe mbele ya wote kila kikao, na kikao kiwekwe saa ambayo kina mama wanaweza kufika, kwa sababu mara nyingi wao ndo wanaolima hilo shamba lenye jina la baba.