Jibu: Kwa nini kipindi kile cha Chuck kinarusha vitu kwenye kamera?
Mkuu, umeuliza kwa nini kipindi kimoja cha msimu wa pili wa Chuck, tamthilia ya kijasusi ya vichekesho ya Marekani, kinakurushia vitu usoni bila sababu. Kilitengenezwa kwa 3D, ili vitu vionekane kama vinatoka kwenye skrini. Kituo cha televisheni cha NBC walikirusha hewani tarehe 2 Februari 2009, siku moja baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Miwani ya karatasi ya kutazamia 3D, lenzi moja manjano iliyokoza na nyingine bluu, ilikuwa imeshagawiwa bure madukani Marekani ili watu watazame tangazo la filamu ya katuni Monsters vs. Aliens na la kinywaji cha SoBe. NBC wakadandia hapohapo, ujanja wa biashara tu! Hadithi yenyewe, staa wa roki anayewindwa na wauaji, ni nyepesi mno kwa Chuck. Vituko vya wale wa Buy More, duka la vifaa vya elektroniki anakofanya kazi Chuck, ndivyo vinavyoibeba. Tazama toleo la kawaida lisilo la 3D, hukosi kitu.